Mchumba Wangu Amezikata Kona Kadi Zangu za Mpira

Mpendwa mshauri, shikamoo, na unisamehe kwa barua ndefu, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo ambalo sitaweza kulirudisha nyuma, maana kila ninayemweleza shida yangu anacheka, na mimi mwenyewe nikijisikiliza ninavyoieleza naona kabisa kwa nini wanacheka, lakini moyoni mwangu hakuna kicheko hata chembe, na harusi yangu ni mwezi ujao. Jambo lenyewe ni hili: mwanamume ninayetaka kuolewa naye ameniharibia kazi ya mikono yangu akidhani ananipa zawadi, nami nikamwambia asante, na tangu siku hiyo nashindwa kumtazama usoni.

Ninafanya kazi katika duka la fremu za picha. Mbele tunauza vioo na fremu, nyuma kuna chumba changu chenye meza moja ndefu na dirisha, na huko ndiko ninakokarabati vitu vya zamani vya mpira, jezi zilizoliwa na nondo, tiketi za mechi zilizokunjwa mpaka zikakatika, vibendera, picha za timu, na zaidi ya vyote kadi za wachezaji, zile kadi ndogo zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za chingamu enzi za ujana wa mama zetu, mbele sura ya mchezaji, nyuma jina lake na nafasi anayocheza. Watu wanazikuta kwenye masanduku ya wazazi wao zimelowa, zimekunjamana, nyingine mtoto kamchora mchezaji masharubu kwa kalamu ya wino, wananiletea. Dukani wananiita Kibano kwa sababu kibano changu hakitoki mkononi, na jina nimelizoea.

Ugonjwa huu nimeurithi kwa mama. Mama alikuwa mfagizi wa uwanja wa mpira, na mechi ikiisha, watu wakishatoka, yeye na wenzake waliingia na mafagio, chini ya viti kukawa kumejaa kadi, kwa sababu mtu akifungua chingamu akakuta mchezaji asiyempenda anaitupa pale pale na kuikanyaga. Mama alishindwa kufagia sura ya mtu na kuitia kwenye pipa. Alizitia mfukoni, akazileta nyumbani, akazifuta na kuziweka kwenye mkebe wa biskuti, kwa hiyo mkusanyiko wetu hauna nyota hata mmoja, mshauri, ni mabeki waliojifunga na makipa wa akiba na washambuliaji waliokosa penalti, wale ambao hakuna aliyewataka, na mimi nimekua nikiwajua wote kwa majina kama wajomba zangu.

Ndani ya mkebe ule kulikuwa na wachezaji kumi na mmoja wa timu moja iliyoshuka daraja na haikupanda tena, mama aliwaokota mmoja mmoja kwa misimu kadhaa mpaka kikosi kikatimia, na mimi niliamua hao ndio nitakaowatengeneza kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Wote walitengenezeka, isipokuwa kipa. Kipa alikosa kona ya juu, iliyong'olewa na kisigino cha mtu. Nikatafuta karatasi ya umri ule ule kwenye jalada la daftari kuukuu, nikailoweka, nikaichambua nyuzi nyuzi kwa sindano, nikaziunganisha na nyuzi za kadi kwa gundi ya unga wa ngano niliyoipika mwenyewe, nikaibana kati ya karatasi za kunyonya maji na kioo kizito, na ilipokauka nikaipaka rangi ya maji kwa brashi nyembamba kama unywele, kijani cha jukwaa na buluu kidogo ya anga. Ukipitisha kidole hujui kona inaanzia wapi. Mgongoni sikupaka rangi, makusudi, kwa sababu hiyo ndiyo heshima ya kazi yetu, mbele unatibu, nyuma unasema ukweli, ili atakayeishika baada yako ajue kipi ni cha zamani na kipi ni cha fundi. Nilipomaliza niliiweka dirishani nikaitazama, nikalia, sioni aibu kukuambia, kisha nikakirudisha kikosi chote mkebeni nyumbani kwa mama.

Sasa mchumba wangu. Ana duka la fotokopi ng'ambo ya barabara, anatoa kopi, anachapa barua za watu, anapiga picha za pasipoti, anatengeneza vitambulisho vya wafanyakazi na vya wanafunzi na kuvipiga laminesheni. Ni mtu mzuri, na hapo ndipo penye tabu, angekuwa mkorofi nisingekuandikia. Bibi kizee akimletea cheti kilichochakaa anakipiga laminesheni bure na kumwambia sasa hata mvua haikiwezi. Kwake yeye kupenda kitu ni kukitia plastiki. Amezitia plastiki namba za simu za mama, amekitia plastiki cheti cha kliniki cha mpwa wangu, na barua ya kwanza niliyomwandikia ameipiga laminesheni na kuibandika ukutani nyuma ya mashine, wateja wakisubiri kopi zao wanaisoma. Jioni huja kunisubiri pale mbele kwenye vioo, tunafunga, tunaondoka pamoja, chumba cha nyuma sipendi mtu aingie, mtu akipiga chafya tu nyuzi zote zinaruka.

Siku yangu ya kuzaliwa alikuja nyumbani na bahasha nzuri yenye utepe, mama yupo, shangazi yupo, wote wawili wananiangalia kwa tabasamu la watu wanaojua siri. Nikafungua. Kumbe alikuwa amemwomba mama kadi za kikosi changu chote, bila mimi kujua, akafunga duka wiki ambayo shule zinafunguliwa na wateja wamepanga foleni mpaka barabarani, ili azishughulikie kwa utulivu. Zote kumi na moja zimepigwa laminesheni, plastiki ile nene ya vitambulisho, zinang'aa, na kadi zenyewe, si plastiki peke yake, kadi zenyewe zimekatwa kona zote nne kwa mviringo. Akanieleza kwa furaha kwamba kona kali huchoma plastiki, kwa hiyo alizipitisha kwanza kwenye mashine ya kukata kona, ndipo akazitia ndani. Halafu akamshika kipa, akamgeuza mgongo, akasema:

"Huyu alikuwa na kiraka hapa, nikaona kinamwaibisha. Nikaona bora niwakate wote walingane."

Mshauri, nilipokea kwa mikono miwili nikasema asante, mpenzi. Sijui ile sauti ilitoka wapi. Mama alilia kwa furaha, yeye aliyeziokota, akachukua kikombe akammwagia beki wa kushoto chai makusudi, akamfuta kwa ncha ya kitambaa, beki akatoka msafi, mama akasema, "Umeona? Sasa hafi tena." Nikabaki peke yangu katikati ya watu waliofurahi.

Na hata laminesheni yenyewe haikushika vizuri, kadi sita zina mapovu meupe mgongoni, kadi za chingamu zilikuwa zinapakwa nta, plastiki haishiki juu ya nta, yaani hata kuharibu hajaharibu vizuri.

Tangu hapo nimekuwa baridi kwake na sijui kujificha. Akinipigia nasema kichwa kinauma, akija dukani nasema nina kazi ya haraka, na juzi aliniuliza kwa sauti ya chini sana kama kuna mtu mwingine. Nikasema hakuna. Akasema sawa, akavuka barabara akarudi kwake, nikamwona kupitia kioo amesimama mbele ya mashine hafanyi chochote. Na balaa halijaisha, kwa sababu ameshakubaliana na mama kwamba mwisho wa mwezi atakuja kuchukua mkebe wote uliobaki, azipige laminesheni kadi zote, azitoboe tundu, azitie utepe, na siku ya harusi kila meza ya wageni itundikwe mchezaji wake. Mama anasimulia majirani. Wajomba zangu wote wa mkebeni, mshauri, watatobolewa kichwani ili wapambe ukumbi.

Nikisema, nitamvunja moyo mtu aliyenipa alichokiona ni kizuri kuliko vyote, na mama ataona namdharau mkwewe kwa sababu ya vikaratasi alivyoviokota yeye mwenyewe. Nikinyamaza, mkebe unaondoka, na zaidi ya mkebe, kila nikifikiria kuishi maisha yangu yote na mtu aliyeitazama kazi yangu bora kuliko zote akaona ni kiraka cha kuondolewa, nakosa pumzi. Nimeshaandika ujumbe wa kuvunja uchumba kwenye simu, nimeufuta, nimeuandika tena, nimeufuta. Niambie kama nina wazimu. Kama sina, niambie nifanye nini.

Wako,
Kibano

*

Kibano binti yangu, marahaba. Barua yako nimeipandisha juu ya nyingine zote kwa sababu ya huo mkebe, wenzako watanisamehe. Nilipofika kwenye chai ya beki wa kushoto nilicheka mpaka mhariri akachungulia mlangoni. Nilipofika kwenye kona ya kipa niliacha kucheka. Pole. Naianza na pole kwa sababu katika watu wote uliowasimulia naona hakuna aliyekupa. Huna wazimu. Mtu akibomolewa ukuta wa nyumba, majirani wanakuja kumfariji, lakini akibomolewa kona ya kadi anaambiwa ni karatasi tu, kana kwamba mikono iliyoijenga ilikuwa ya karatasi pia.

Pole imeisha. Sasa nikugombeze.

Ulisema asante. Tena kwa mikono miwili. Yule mwanamume alikuwa na mama mkwe anayelia kwa furaha, shangazi anayetabasamu, na wewe unayemwita mpenzi, halafu unataka ajue kwamba amekuua? Ajulie wapi? Kwa muda wote huu umemshtaki, umemhukumu na umeanza kumfunga, na mshtakiwa mwenyewe hajasomewa shtaka. Anakesha akiwaza kuna mwanamume mwingine. Maskini, angejua kwamba mwanamume mwenyewe ni kipa wa akiba wa timu iliyoshuka daraja!

Na wewe ni fundi unayejua hili kuliko mimi. Umeniandikia kwa majivuno, na haki yako, kwamba mgongoni hupaki rangi ili ukweli uonekane. Mbona mchumba wako umempaka rangi pande zote mbili? Umemtabasamia mbele, umemdanganya kichwa kinauma nyuma, aishike wapi hiyo kadi ajue palipovunjika?

Neno la kiraka ndilo lililokuchoma, naliona, limekaa katikati ya barua yako na kila kitu kinalizunguka. Lakini soma tena alichofanya. Alimgeuza kipa, akaona ile karatasi isiyopakwa rangi. Aliona kile kile ulichokiacha kionekane. Hakujua tu kina maana gani, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Umenieleza chumba chako chote, meza, dirisha, kioo kizito, brashi nyembamba kama unywele, na katika maelezo yote hayo hakuna kiti cha mchumba wako. Yeye anasubiri mbele kwenye vioo kama mteja. Unaogopa chafya, sawa, mfunge kitambaa puani, lakini mtu utakayelala naye chumba kimoja maisha yako yote hujawahi kumwingiza chumba unachofanyia kazi, kisha unashangaa hajui unafanya nini humo.

Yeye naye nisimwache aondoke hivi hivi, maana najua atasoma, gazeti hili linafika mpaka kwenye maduka ya fotokopi. Wewe bwana wa laminesheni, ulikosea, na hukukosea kidogo. Ulimwomba ruhusa mama mkwe, ukamruka mwenye kazi. Mtu anayetaka kumshtukiza mwenzake kwa zawadi aitengeneze kwa vitu vyake mwenyewe. Ungemchukua kuku wake ukamchinja ili umpikie supu ya mshangao, ungeona kosa lako mara moja, na hili ni lile lile. Na ile barua yake ya mapenzi itoe ukutani leo hii, wateja wakasome bei za kopi.

Narudi kwako, Kibano, maana kuna jambo umelipita juu juu kwa sababu ulikuwa na hasira. Mimi sijui lolote la kadi, kwa hiyo nilimpigia jamaa ninayemfahamu anayekarabati vitabu vya maktaba, nikamsomea barua yako bila kukutaja. Aliguna kwa uchungu kama nimemsomea taarifa ya msiba. Halafu akaniuliza nirudie pale kwenye mapovu. Nikarudia. Akasema mwambie huyo dada mapovu ni habari njema, asiyalalamikie. Palipo na povu plastiki haijashika, na kama haikushika kwa sababu ya nta, basi huenda inaachia taratibu, kuanzia pembeni, kwa mtu mwenye mkono mtulivu anayejua mashine ilikuwa na moto kiasi gani na plastiki ni ya aina gani. Mkono mtulivu unao wewe. Moto na plastiki anavijua nani? Si yule aliye ng'ambo ya barabara? Yule bwana wa vitabu hakuahidi zitapona zote kumi na moja. Alisema mtaanza na ile yenye mapovu mengi, na asiye na subira asiguse kabisa.

Kisha nikashuka chini. Mlangoni mwa jengo letu kuna dada wa fotokopi ambaye ananitolea kopi kila wiki na hajawahi kuniona nikimuuliza la maana. Nikamuuliza: hivi ukikata kona za vitambulisho, vile vipande vinakwenda wapi? Akaniangalia kama nimeanza kuzeeka. Akaigeuza mashine, akavuta kijisanduku kilichoko tumboni mwake, kikatoka kimejaa pomoni, vipande vidogo vidogo vya miaka nenda rudi. Nikamuuliza huwa anakimwaga lini. Akasema, "Kikijaa mpaka mashine igome."

Umenielewa, binti yangu? Kona zako zimekatwa, lakini huenda bado hazijatupwa. Mchumba wako alikata kadi kwanza, ndipo akazitia plastiki, umeniandikia mwenyewe. Kwa hiyo vipande vyako ni karatasi tupu, na vya vitambulisho vya watu, ambavyo huyu dada wa kwetu na wenzake huvikata kona baada ya kuvitia plastiki, ni plastiki. Vitaonekana. Kipande cha kipa kina kijani na buluu uliyoipaka wewe, na mgongoni hakina rangi, na katika dunia nzima hakuna jicho linaloweza kukitambua isipokuwa lako. Lakini shule zimefunguliwa. Kila siku unayosema kichwa kinauma, watoto wa watu wanatengenezewa vitambulisho, kijisanduku kinajaa, na siku mashine ikigoma mchumba wako atakimwaga pipani akipiga mluzi, hana habari.

Kwa hiyo utafanya hivi, na hili silishauri, naliagiza.

Ule ujumbe wa kwenye simu uufute, na safari hii usiuandike tena. Neno hili halisemwi kwa simu wala kwa shangazi wala mbele ya mama. Chukua kitambaa cheupe, kibano chako, taa yako ya mezani na yule kipa katika plastiki yake. Vuka barabara. Mwambie afunge mlango, akiuliza kuna nini mwambie hakuna mtu mwingine, na useme kwa maneno mafupi: ile kona ilikuwa kazi yangu, niliijenga kwa nyuzi, ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, na ulipoikata niliumia, nikakosa ujasiri wa kukuambia. Usiseme zaidi ya hapo. Usimwombe msamaha kwa kuumia, na usimpambie ili asijisikie vibaya. Atajisikia vibaya. Mwache ajisikie, ni haki yake, ni mtu mzima na kitu kimeharibika mikononi mwake.

Halafu mtazame, maana hapo ndipo nataka uwe na macho. Akisema ni vikaratasi tu, au akikukumbusha kwamba ulishukuru, akabaki hapo hapo kwenye asante yako na asitoke, basi rudi kwenu na kadi zako, mimi mwenyewe nitakuja kukaa na mama yako tumwambie hakuna harusi. Sitanii, nina nauli. Lakini akiuliza kona ilijengwaje, mwambie avute kile kijisanduku akimwage juu ya kitambaa, na mkae wote wawili mpige magoti au mkalie ndoo, vyovyote, mkitafuta. Mfundishe kushika kibano. Mwache aguse vipande vyake mwenyewe kwa ncha, apumue polepole, aone jinsi kitu kidogo kinavyoweza kumnyima mtu usingizi. Mkikipata kipande cha kipa, mtakirudisha siku plastiki ikitoka. Msipokipata, utajenga kona nyingine, na huyo ndiye atakayekukorogea gundi, ndani ya chumba cha nyuma, amefunga kitambaa puani.

Mkebe usiondoke. Hilo la mama yako nakuachia wewe na mchumba wako mwende pamoja, na yeye ndiye aseme, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba. Mama hatakasirika kama unavyodhani. Mwanamke aliyeshindwa kufagia sura ya mtu hatakubali itobolewe tundu akishaelezwa kwamba kuna njia nyingine. Anachotaka ni wasife tena, basi mwonyeshe unavyowafanya wasife. Kama anataka wachezaji mezani siku ya harusi, mchumba wako ana mashine ya fotokopi inayolala bure Jumapili. Azitoe kopi za rangi, hizo azipige laminesheni, azitoboe, azitundike mpaka kwenye kiti cha bwana harusi, na zote zimwagiwe chai.

Nakuambia unavyoonekana ukiwa mbali, Kibano. Umemwelezea mtu aliyefunga duka wiki ya kufungua shule kwa ajili ya mabeki waliojifunga. Hajui kadi. Kadi zinafundishika, na mwalimu ni wewe, uliyejifungia ndani ng'ambo ya barabara. Lile la pili, la kufunga duka, wapo wengi wanaoniandikia humu ambao hawajawahi kufanyiwa, na mimi sina pa kuwatuma wakalitafute.

Nenda kesho asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaja na kitambulisho cha kukatwa kona.